Somo la Mtaa: Nani Anakalia Dawati la Serikali?

LENGO LA SOMO: Kuelewa kwa nini shule za serikali zinajaa na bado watoto wengi wa mitaa yetu hawamo; kujua sheria inasema nini juu ya pesa za shule; na kuanza kazi ya kuhesabu watoto wetu wenyewe.

MUDA: Saa moja na nusu. Somo likiwa refu, kikundi kinaweza kuligawanya katika mikutano miwili.

VIFAA: Daftari, kalamu, na kitabu kimoja cha hadithi cha Gredi ya 2.



Kila Januari mitaa ya Eastlands inakuwa na shughuli moja kubwa. Mama ameshika mtoto mkono mmoja na bahasha ya makaratasi mkono wa pili, anatoka shule hii kwenda ile. Anapofika mlangoni anauliza, "Mwalimu, nafasi iko?" Jioni akirudi kwenye ploti, majirani wanamwuliza swali lingine: "Na hiyo shule inapita?"

Tumezoea kuuliza maswali haya mawili kila moja kivyake, tukiona kwamba nafasi ni jambo moja na kupita mtihani ni jambo lingine. Katika somo hili tutaona kwamba hayatengani. Huwezi kusema shule inafanya vizuri kabla hujauliza ni watoto gani hawamo darasani. Vilevile hakuna maana ya kusema mtaa una nafasi za kutosha, kama waliomo darasani hawajui kusoma.

1. TUTAZAME HALI ILIVYO

Tuanze na hesabu ya watu. Mwaka 1979 Nairobi ilikuwa na watu 827,775. Mwaka 1999 tulikuwa 2,143,254, na sensa ya 2019 ikatukuta 4,397,073. Maana yake ni kwamba katika miaka 20 ya mwisho jiji limeongezeka mara mbili. Lakini shule za msingi za serikali katika Nairobi nzima zimekuwa zikizunguka 200 tu kwa muda mrefu.

Tena shule hizo hazikusambazwa sawasawa. Mitaa ya zamani kama Kaloleni, Bahati, Maringo, Jericho na Uhuru ilijengwa na baraza la jiji, na pamoja na nyumba walipanga shule, uwanja wa mpira na ukumbi. Ndiyo sababu mtoto wa Jericho anaweza kutembea kwa miguu akapita geti ya shule zaidi ya moja. Mitaa iliyokuja baadaye, hasa ile iliyojengwa na watu binafsi ploti kwa ploti, haikupata bahati hiyo. Pale Pipeline ghorofa zimesimama bega kwa bega hadi jua halifiki chini, na huwezi kupata hata kipande cha ardhi cha kuchezea kati, sembuse cha kujenga shule.

Sensa ya 2019 inatuonyesha tofauti hiyo. Kaunti ndogo ya Makadara, yenye mitaa mingi ya zamani, ilikuwa na watu 189,536. Kamukunji ilikuwa na 268,276 na Mathare 206,564. Halafu Njiru ilikuwa na 626,482, na Embakasi 988,808. Yaani Embakasi peke yake ina watu zaidi ya Makadara, Kamukunji, Mathare na nusu ya Makadara tena ukiziweka pamoja. Watu wamehamia upande mmoja, na shule zimebaki upande mwingine.

2. JAMBO LA KUSHANGAZA

Kuanzia mwaka 2005, kituo cha utafiti kinachoitwa APHRC, ambacho kina makao yake hapa Nairobi, kilifuatilia masomo ya watoto katika sehemu nne za Eastlands. Mbili ni vijiji vya mabanda, Korogocho na Viwandani. Mbili ni mitaa ya nyumba za mawe, Harambee na Jericho. Walitaka kujua watoto wanasoma wapi baada ya serikali kutangaza masomo ya bure mwaka 2003.

Wengi wetu tungebuni kwamba aliye na pesa ndiye analipia shule ya kibinafsi, na maskini ndiye anachukua ile ya bure. Walikuta kinyume. Watoto wa Harambee na Jericho, ambao wazazi wao wana kipato afadhali, walikuwa kwa wingi katika shule za serikali. Katika vijiji vya mabanda, watoto waliokuwa wakilipa karo katika shule ndogo za kibinafsi walikuwa wengi zaidi kwa kulinganisha.

Turudie hilo polepole, maana ndilo kiini cha somo. Mama anayefua nguo za watu analipa karo. Mwenye mshahara wa mwezi anapata dawati la bure. Na kodi wanalipa wote wawili, huyu kwenye mshahara, yule kwenye sukari, unga na mafuta ya taa.

Hizi shule ndogo zina majina mengi. Wengine wanaziita akademi, wengine shule za mabati. Serikali inaziita vituo vya APBET, yaani shule zinazotoa elimu ya msingi kwa njia mbadala. Tusizidharau. Nyingi zilianzishwa na walimu majirani zetu, na makundi ya kina mama, na makanisa na misikiti, wakati ambapo hapakuwa na mtu mwingine wa kuwachukua watoto. Kule Mukuru, Masista wa Mercy walianzisha Mukuru Promotion Centre mwaka 1985, na shule walizosimamisha zilileta darasa karibu na mlango wa mtoto. Bila juhudi kama hizo watoto maelfu wangekuwa barabarani.

Lakini tusifiche ukweli mwingine. Baadhi ya majengo ni ya hatari. Tarehe 23 Septemba 2019, huko Ng'ando, Dagoretti, darasa la shule moja ya kibinafsi liliporomoka asubuhi na watoto 8 wakafariki. Wazazi wale walikuwa wakilipa. Hawakuwa wazembe. Walitafuta shule iliyokuwa karibu na yenye nafasi, kama wewe na mimi.

3. KWA NINI MASKINI ANALIPA?

Katika vikundi vyetu swali hili tumeliuliza mara nyingi, na majibu yanayorudi ni haya.

(a) Umbali na barabara. Mtoto wa miaka sita hawezi kuvuka barabara kubwa peke yake, na mama anayeamka saa kumi na moja kwenda Industrial Area kusimama getini akitafuta kibarua hana wa kumsindikiza. Shule ya mabati iko nyuma ya nyumba.

(b) Saa. Shule nyingi ndogo zinakaa na mtoto mpaka jioni. Ile ya serikali inamtoa mapema kama ni wa gredi za chini, na mama bado yuko kazini. Atakaa wapi? Kwa landilodi? Karibu na jaa la Dandora?

(c) Namna ya kulipa. Shule ndogo inakubali shilingi mia leo na mia Ijumaa. Shule ya serikali haina karo, lakini vile vijipesa vyake vinakuja kwa mkupuo mwanzo wa muhula: dawati, mtihani, mlinzi, yunifomu ya rangi fulani kutoka duka fulani. Mwenye kipato cha siku anaweza kulipa kidogo kidogo hata kama mwishowe ni nyingi. Hawezi kulipa elfu mbili siku moja.

(d) Msongamano. Mwaka 2002 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa shule za msingi karibu milioni 5.9. Mwaka 2003 wakawa karibu milioni 7.2. Hao ni zaidi ya milioni moja walioingia kwa Januari moja. Walimu hawakuongezeka hivyo, kwa sababu tangu 1998 serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri wapya, ikawa inajaza tu nafasi za waliotoka. Mitaani kwetu madarasa yalifika watoto 80, mengine 100 na zaidi. Wazazi wengi wenye uwezo waliwatoa watoto wao wakapeleka akademi. Na hata maskini wengine walisema, "Heri nilipe, mwalimu ajue jina la mtoto wangu."

(e) Makaratasi. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, au ambaye mama yake alihama kabla ya kuchukua cheti cha kuzaliwa, anapata shida. Tangu mfumo wa NEMIS uanze mwaka 2017, serikali ilitumia orodha hiyo kutuma pesa za kila mwanafunzi, na cheti cha kuzaliwa ndicho kilichokuwa kikiulizwa. Mtoto asiye kwenye orodha ni mdomo bila sahani, na mwalimu mkuu anaogopa kumchukua.

Hebu tufanye hesabu moja kama mfano tu. Tuseme mama ana watoto wawili na shule ndogo inataka shilingi 600 kwa kila mmoja kwa mwezi. Hizo ni 1,200 kwa mwezi, na kwa miezi tisa ya shule ni 10,800. Kila kikundi kiweke bei ya mtaa wake mahali pa hiyo 600, kisha kiulize: Pesa hii ni kodi ya nyumba ya miezi mingapi?

Sasa tutazame upande wa serikali. Mgao wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima. Mwaka 2003 ulikuwa 1,020. Ukigawanya hiyo 1,420 kwa siku za shule haifiki shilingi 8 kwa siku, na mara nyingi inachelewa. Kwa hiyo tunapomlaumu mwalimu mkuu kwa kuomba pesa ya chaki na maji, tujue pia anachopewa. Kulaumu ni rahisi. Kuelewa kunatupa mahali pa kushika.

4. HISTORIA INATUFUNZA NINI?

Wazee wetu wanakumbuka kwamba 2003 haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1974 serikali ya Mzee Kenyatta iliondoa karo kwa madarasa ya kwanza hadi la nne. Wanafunzi walitoka karibu milioni 1.8 mwaka 1973 wakafika zaidi ya milioni 2.7. Shule hazikuwa na vyumba, kwa hiyo wazazi wakaambiwa watoe mchango wa kujenga. Sehemu nyingi mchango huo ulizidi ile karo iliyoondolewa, na watoto wengi walioingia kwa shangwe wakatoka kimya kimya.

Mwaka 1979 serikali ya Rais Moi ikaondoa malipo yaliyobaki, na maziwa ya Nyayo yakaletwa shuleni. Halafu mwaka 1988 sera ya kugawana gharama ikaja. Mzazi akaambiwa anunue vitabu, madawati, na kila kitu isipokuwa mshahara wa mwalimu. Miaka ya 1990 uandikishaji ulishuka. Wale ambao walikuwa watoto wakati huo ndio wazazi wa leo, na wengine wao waliacha shule darasa la tano kwa sababu ya pesa ya dawati.

Funzo ni hili: karo hutolewa kwa mlango wa mbele kwa tangazo la redioni, ikarudi kwa mlango wa nyuma ikiwa na jina lingine. Wanaosimama kulinda mlango wa nyuma si serikali. Ni wazazi waliokaa kwenye mkutano wa shule na kusoma hesabu.

5. NA KUPITA JE?

Kwa miaka mingi tulipima shule kwa KCPE, tangu mtihani ule wa kwanza mwaka 1985 hadi wa mwisho mwaka 2023. Magazeti yalitoa orodha, na kila shule ilitaka kuwa juu. Lakini tulijua, na walimu walijua, jinsi wastani unavyoweza kupikwa. Mtoto mzito anaambiwa arudie darasa la saba. Mwingine anaandikishwa kufanyia mtihani kwenye kituo kingine ili asishushe alama. Wa tatu anachoka anaenda kuwa makanga wa matatu. Mwisho wa mwaka shule inasherehekea, na mtaa umepoteza watoto watatu. Ushindani wa namna hiyo ulikuwa sababu mojawapo ya serikali kupiga marufuku orodha hizo mwaka 2014.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mtaala wa umilisi ulianza shuleni 2019. Gredi ya 6 wanafanya tathmini ya KPSEA, iliyoanza 2022. Gredi ya 7 waliingia sekondari ya chini Januari 2023, nao wanasomea ndani ya shule za msingi, ambapo mgao wao ni shilingi 15,042 kwa mwaka. Gredi ya 9 walifanya tathmini yao ya kwanza, KJSEA, mwaka 2025. Mzazi aliyezoea kuuliza "mean ya shule ni ngapi?" sasa hana cha kuuliza. Anabaki kutazama rangi ya ukuta na basi la shule.

Tunapendekeza maswali manne badala ya lile moja la zamani.

Swali la kwanza: Walioanza Gredi ya 1 ni wangapi, na waliofika Gredi ya 6 ni wangapi? Kama walianza 120 wakabaki 70, mwulizeni mwalimu kwa heshima: wale 50 wako wapi? Huenda walihama na wazazi. Huenda wako kwa jaa wakiokota chupa.

Swali la pili: Mwalimu yuko darasani? Uchunguzi wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mwanafunzi wa shule ya umma Kenya alikuwa akifundishwa chini ya nusu ya muda uliopangwa. Mara nyingi mwalimu alikuwa shuleni, lakini hakuwa darasani.

Swali la tatu: Vitabu viko mikononi mwa watoto, ama viko kabatini? Tangu 2018 serikali inapeleka vitabu moja kwa moja shuleni. Mtoto wako aseme wanashiriki kitabu kimoja watu wangapi.

Swali la nne, na ndilo kubwa: Mtoto anaweza kusoma? Mwanzoni mwa miaka ya 2010, watafiti wa Uwezo walienda nyumba kwa nyumba nchini wakakuta kwamba katika watoto 10 wa darasa la tatu, 3 tu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Baadaye mradi wa Tusome, ulioanza shuleni 2015, ulisaidia kusoma katika madarasa ya chini. Lakini wastani wa nchi hauwezi kukuambia juu ya mtoto wako. Huyo utampima wewe.

Jinsi ya kumpima ni rahisi. Chukua kitabu cha hadithi cha Gredi ya 2. Mwonyeshe herufi tano. Halafu maneno matano. Halafu aya fupi. Mwishowe hadithi nzima, na umwulize maswali mawili juu yake. Usimkemee wala usimcheke. Kama mzazi hajui kusoma, amwombe jirani. Mtoto wa Gredi ya 4 asiyeweza aya ile anahitaji msaada sasa, kabla hajafika Gredi ya 7 na vitabu vingi.

6. SHERIA INASEMA NINI?

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaeleza zaidi. Tuyashike haya:

- Shule ya umma hairuhusiwi kutoza karo ya masomo.
- Malipo mengine yanaweza kuwekwa kwa idhini ya Waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Lakini mtoto hawezi kukatazwa shule kwa sababu hajalipa malipo hayo.
- Kila pesa inayopokelewa lazima iandikiwe risiti rasmi.
- Hakuna ada ya kupokelewa shuleni. Mtihani wa kuingia hauruhusiwi kumzuia mtoto. Unaweza tu kutumika kumpanga kwenye kiwango chake.
- Mtoto halazimishwi kurudia darasa. Kumchapa mtoto kumekatazwa.
- Mzazi naye ana wajibu. Anayekaa na mtoto nyumbani bila kumpeleka shule anavunja sheria, na anaweza kutozwa faini ama kufungwa.

Sheria hiyo pia inatupa viti. Katika bodi ya usimamizi ya shule ya umma, watu sita wanachaguliwa kuwakilisha wazazi, na watatu wanatoka kwa mdhamini, ambaye mara nyingi ni kanisa ama dini nyingine. Juu ya hapo kuna chama cha wazazi chenye mkutano wake wa kila mwaka. Tujiulize: wale sita wa shule yetu ni nani? Wale watatu wa mdhamini wanajua bei ya unga? Viti hivi vinakaliwa na wenye nafasi, yaani wenye duka na wenye gari, kwa sababu mkutano unaitwa saa nne asubuhi siku ya kazi. Jambo la kwanza kuomba kwa bodi ni mkutano wa Jumamosi mchana ama Jumapili.

7. MTOTO ALIYEPOTEA KATI YA SHULE MBILI

Katika kazi yetu mtaani tuliwahi kukutana na msichana wa Gredi ya 5. Mama yake alishindwa na karo ya miezi miwili katika shule ndogo, akaamua kumhamisha kwenda ya serikali. Shule ya kwanza ikakataa kutoa ripoti yake mpaka deni liishe. Shule ya pili ikasema, "Mama, bila barua ya kuhama hatuwezi, jaribu muhula ujao." Muhula ujao alikuwa amezoea kubaki nyumbani na mtoto mdogo wa jirani, akilipwa kidogo. Hakuna shule iliyomhesabu kama aliyeacha. Ile ya kwanza ilisema amehama. Ile ya pili haikuwahi kumwandika. Katika vitabu vyote hakuwa na kosa wala hakuwa na darasa.

Alirudi shule baada ya watu watatu kutembea naye: mama yake, mama mmoja wa jumuiya aliyekuwa hodari wa kuongea, na mzee wa kijiji. Walienda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na barua ya ukurasa mmoja. Haikuchukua pesa. Ilichukua asubuhi tatu, na kwa mtu wa kibarua asubuhi tatu ni chakula cha siku tatu. Ndiyo maana kazi hii haifai kuachiwa mzazi mmoja peke yake. Kikundi kinaweza kumfidia siku hizo, ama mmoja wao akamwendea.

8. KAZI YA KUFANYA

Kwanza, tuhesabu. Kila mwanakikundi achukue ploti yake, aandike watoto wote wa miaka 4 hadi 17. Kwa kila mmoja aandike: anasoma wapi, gredi gani, ana cheti cha kuzaliwa ama hana, na kama hayuko shule, tangu lini. Jina la mtoto lisitangazwe mkutanoni. Idadi ndiyo itangazwe.

Pili, tuwapatie vyeti. Wasio na cheti cha kuzaliwa waende kwa chifu kupata barua, kisha Huduma Centre ya Makadara ama ya Eastleigh, ama ofisi ya msajili. Kikundi kiende pamoja siku moja. Kufuatana kunapunguza kusukumwa.

Tatu, tujue mlango wa kubisha. Chekechea ni kazi ya kaunti. Gredi ya 1 kwenda juu ni serikali ya kitaifa. Mwalimu anaajiriwa na TSC. Ukipeleka lalamiko la Gredi ya 4 kwa ofisi ya gavana, utazungushwa siku nzima. Mtoto akiwa kwenye hatari ama anateswa, piga 116, ni bure.

Nne, tuulizie chakula. Mpango wa kaunti uitwao Dishi na County, ulioanza 2023, unampa mtoto wa shule ya umma chakula cha mchana, mzazi akichangia shilingi 5. Hili limebadilisha hesabu ya wazazi wengi. Lakini mtoto wa shule ya mabati hayumo katika mpango huo, na njaa yake ni ileile. Kikundi kinaweza kuandikia kaunti barua juu ya jambo hili, na kuambatisha ile hesabu ya ploti.

Tano, tuwasaidie wasiojua kusoma. Vijana waliomaliza kidato cha nne na wanangoja kazi wako wengi mtaani. Saa mbili Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, watoto wasizidi kumi kwa kijana mmoja, bila malipo kwa mtoto.

Sita, tuombe madarasa na walimu. Hesabu ya ploti zetu ikionyesha kwamba watoto wengi wanalipa kwa sababu shule ya serikali iko mbali ama imejaa, huo ni ushahidi. Peleka nakala kwa ofisi ya elimu, kwa diwani na kwa mbunge mwenye mfuko wa CDF. Mbunge amezoea kuambiwa "tusaidie." Hajazoea kuletewa karatasi inayosema, "Ploti 14, watoto 163, walio shule ya serikali ni 41."

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, ni watoto wangapi wako shule ya serikali na wangapi wanalipa? Nani analipa zaidi ukilinganisha na kipato chake?

2. Ni malipo gani shule imetuomba mwaka huu? Tulipewa risiti? Nani aliyaidhinisha?

3. Tutaje wajumbe sita wa wazazi katika bodi ya shule iliyo karibu. Kama hatuwajui, nani atauliza, na lini?

4. Shule ndogo za kibinafsi za mtaa wetu zinahitaji nini ili watoto wawe salama? Tunaweza kuzungumza vipi na wenye shule hizo bila kuwadharau?

5. Baba wako wapi katika kazi hii ya masomo? Kwa nini mkutano wa wazazi huwa wa kina mama?

6. Mtoto yupi tunayemjua leo hayuko shule? Nani atamtembelea kabla ya mkutano ujao?

Swali la sita lisipite bila mtu kutajwa wa kwenda. Mkutano ujao uanze na ripoti yake, kisha kila mmoja asome hesabu ya ploti yake.